Kasha Linataka Kufunguliwa

Kila Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado pole, nafungua makasha yote ya nyumba hii. Kasha kubwa la chumbani lililopigwa njumu, yaani misumari ya shaba ya mapambo, bweta la kuandikia, sanduku la bati la safari, vijaluba, yaani vikasha vidogo vya madini, mikebe ya biskuti, na kijamanda cha ukindu ambacho mfuniko wake ulipotea kabla hakijafika mikononi mwangu. Nayaacha wazi mpaka saa nne, napitisha kitambaa kikavu, narudisha kila kitu mahali pake, nafunga. Jirani zangu hapa Ngamiani wanaona najipa kazi isiyoisha. Lakini Tanga ni mji wa bahari, na hewa yake ya chumvi na unyevu inakula chuma, mbao, kitambaa na karatasi bila kupumzika. Katika nyumba nyingi nilizoingia, vikasha vilivyofungiwa kabatini ili vitazamwe tu ndivyo nilivyovikuta vimeoza. Vinavyoguswa kila wiki vipo.

Haya niliyajifunza kwa bibi mzaa mama. Kasha la njumu lilikuwa lake, na kabla yake lilikuwa la mama yake. Ni la msaji, mbao nzito inayoteleza kidogo chini ya vidole, na uso wake wa mbele wote umepigwa njumu za shaba kwa mistari na maua. Chini lina droo tatu. Wengi huyaita makasha ya Zanzibar, ingawa mengi yalitengenezwa India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa huku kwa majahazi msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kusi ikianza kuvuma majahazi yanageuza, yamebeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani yetu. Mafundi wa huku nao walijifunza, wakatengeneza ya kwao.

Bibi alilitumia kila siku. Humo mlikaa doti zake za kanga, shuka za wageni, sanda yake mwenyewe aliyoinunua akiwa mzima, na dhahabu kidogo aliyokuwa nayo. Dhahabu ilikuwa na mahali pake. Ukifungua kifuniko, ndani upande wa kushoto, juu kabisa, kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kwa nje kina urefu wa shibiri kwenda chini. Ukiingiza mkono, vidole vinagota mapema. Ubao wake wa mbele unapandishwa juu kwa kidole gumba, mahali ambapo mbao imelika na kuingia ndani kidogo kwa kuguswa miaka mingi, na nyuma yake zinatokea droo mbili ndogo zisizo na kishikio. Nilionyeshwa siku nilipovunja ungo. Bibi alinishika kidole akakiweka pale palipolika, akasema, "Hapa, mwanangu. Usibonyeze, pandisha."

Alipofariki, kasha lilikuja kwangu kwa sababu wengine walitaka kabati la vioo. Nikaanza kuyatazama makasha ya watu wengine, na hapo ndipo nilipogundua jinsi mji huu ulivyojaa vikasha. Tanga imepitiwa na watu wa kila namna. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, wakafungua mashamba. Baada yao wakaja Waingereza, na mbali na hao walikuwapo Wagiriki wa mkonge, Wahindi wa maduka, Washihiri, Wangazija. Kila aliyefika alifika na sanduku. Bei ya mkonge ilipoanguka, kisha mashamba na viwanda vikataifishwa mwaka 1967 na majumba mwaka 1971, wengi waliondoka na mizigo michache. Mabweta, masanduku ya bati, vikasha vya cherehani na mikebe vikabaki kwa wapishi, kwa makarani, kwa majirani. Leo watoto na wajukuu wa wale wapishi wanavitoa nje wakati wa kuhamisha nyumba, na vingi vinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vinapimwa kwa kilo. Sanduku langu la bati nililikuta juu ya mizani ya skrepa. Jina la mwenyewe bado limeandikwa kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe, herufi za mkono uliotulia. Inaniuma hadi leo kufikiri mangapi yamekwisha yeyushwa.

Kuhusu kununua, nitasema ninayoyafanya, maana kasha jipya lililopakwa rangi ya viatu likionekana la zamani ni jambo la kila siku, na bei zake zinatofautiana sana.

Kwanza natoa sumaku. Ninayo ndogo kwenye mkufu wa funguo. Shaba haishiki sumaku. Njumu zikishika, basi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kutu itatokea masika ya kwanza. Kisha natazama njumu zenyewe kwa karibu: zilizopigwa kwa mkono hazilingani, moja imeinama, nyingine kichwa chake ni kikubwa kidogo, na pale mkono unapoegemea kila siku zimelika zikawa bapa. Natazama vishikio vya pembeni. Kishikio cha chuma kinapoinuliwa na kuachiwa kwa miaka mingi huchora nusu duara kwenye mbao iliyo chini yake, mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Alama hiyo ni ngumu kuighushi, na anayeghushi kwa kawaida huisahau, kwa kuwa mnunuzi anatazama mbele na juu. Halafu napindua kasha, au navuta droo nitazame chini yake. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyofuatana sawasawa. Msumeno wa mashine ya duara huacha mapinde. Mwisho naingiza kichwa ndani na kunusa. Kasha la zamani lina harufu ya mbao kavu, udi, kafuri, wakati mwingine karatasi. Vanishi mpya inauma puani.

Muuzaji mmoja, mtu wa heshima kabisa, aliniona nikinusa akacheka. "Dada, unanunua kasha au unanunua samaki?"

"Vyote viwili vinaoza kaka yangu," nikamwambia, naye akanipunguzia.

Sisemi kasha jipya ni baya. Mafundi wetu wanajua kazi, na kasha la mninga lililochongwa vizuri mwaka huu ni mali ya wajukuu. Nataka tu liitwe jipya na liuzwe kwa bei ya jipya.

Adui mkubwa kuliko wote ni fukusi. Kasha lina vitobo vidogo vya duara, hilo si neno, mengi ya zamani yanavyo. Swali ni kama mdudu yumo bado. Natandika kitambaa cheusi chini ya kasha, nagonga mbao kwa ngumi, nasubiri mpaka kesho yake. Unga mweupe mpya ukidondoka, wamo. Kwa kasha kubwa, fundi seremala wangu hutia dawa ya wadudu wa mbao tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, kisha analifunika kwa nailoni nje, mbali na watoto na jiko. Kwa vikasha vidogo vya mbao tupu, visivyo na vipande vya kubandikwa wala vioo, nina njia ninayoipenda zaidi kwa sababu haina sumu. Nafunga kikasha kwenye mfuko wa nailoni, natoa hewa kadiri inavyowezekana, nabana mdomo kwa utepe wa gundi, nakiweka kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Makumbusho nao huua wadudu kwa baridi. Kikitoka, mfuko haufunguliwi mpaka kikasha kipate joto la chumba, ili maji ya umande yabaki nje ya nailoni, yasiingie kwenye mbao.

Mchwa hupanda kutoka chini. Kasha lisikae juu ya sakafu, hata kama ni ya vigae. Miguu yake iwe juu ya vipande vya mbao ngumu, na nyuma ibaki nafasi ya kupitisha mkono, kasha lisiguse ukuta. Kuta za nyumba za zamani hapa mjini zina chokaa na matumbawe, na masika zinatoa jasho. Kuanzia Machi hadi Mei naweka ndani ya kila kasha vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Jamaa zangu wote wananiwekea.

Kuna jambo kuhusu kusafisha ambalo nalisema kila nikipata nafasi. Shaba ya kasha haisuguliwi kwa ukwaju, wala ndimu na chumvi. Sinia na chetezo, sawa, sugua zing'ae, kisha zioshe kwa maji mengi. Njumu zilizopigwa kwenye mbao huwezi kuziosha hivyo. Asidi inabaki kwenye ukingo wa kila njumu, na baada ya miezi michache inatoa kutu ya kijani inayoingia kwenye mbao na kuitia doa lisilotoka. Napitisha kitambaa kikavu cha pamba, basi. Rangi ya kahawia ya shaba iliyokaa ni nzuri, na inailinda. Mbao naipaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kidogo sana, mara moja kwa mwaka. Mafuta ya nazi yanachacha, yanaita sisimizi na kushika vumbi. Kuna mafundi ambao wakiona kasha la zamani jambo la kwanza wanashika msasa na mashine. Mlango wangu wamefungiwa. Ule uso mweusi wa mbao umetengenezwa na mikono ya wanawake waliolifungua na kulifunga maisha yao yote. Ukiuondoa umeondoa kasha lenyewe, umebaki na mbao.

Vijaluba vinahitaji maarifa mengine. Ninavyo vya fedha na vya shaba, vya kutilia uraibu wa tambuu. Kimoja nakipenda kupita kiasi. Kina vyumba vitatu ndani: cha popoo, cha katu na iliki, na kidogo cha pembeni cha chokaa. Chokaa imeganda kwenye pembe za kile chumba cha tatu, nyeupe, ngumu, na alama ya kidole cha aliyekuwa akichota bado inaonekana. Siigusi. Vyumba vingine viwili nawekea sindano, vifungo na pini za ushungi. Fedha inageuka nyeusi kwa ajili ya salfa, na salfa imo kwenye raba za kufungia noti. Mtu akifunga kijaluba kwa raba kisipoteze kifuniko, atakuta mstari mweusi mahali raba ilipopita. Nafunga kwa uzi wa pamba. Fedha iliyo laini, isiyo na nakshi, naiweka kwenye bakuli lililotandikwa foili ya jikoni, namwaga maji ya moto yenye magadi, na weusi unaondoka wenyewe bila kusugua. Yenye nakshi siifanyii hivyo. Weusi ulioko ndani ya michoro ndio unaoifanya michoro ionekane, na maji hayo hayachagui.

Mikebe ya biskuti na chai ya zamani ina wapenzi wengi sasa, na naelewa kwa nini. Viwanda vya Uingereza kama Huntley & Palmers vya mjini Reading vilipamba mikebe yao kwa picha nzuri kiasi kwamba watu walinunua biskuti kwa ajili ya mkebe. Hapa iligeuka kuwa ya sukari, ya vitumbua, ya hela za upatu. Mimi siweki chakula ndani yake. Rangi na risasi ya kuungia bati enzi hizo zina madini yanayodhuru, hasa kwa watoto. Naweka nyuzi, lesi, mikanda ya mapambo, picha za pasipoti za ukoo mzima. Vumbi la kutu likianza pembeni nalipangusa na kupaka nta nyembamba.

Bweta la kuandikia ndilo linalobeba mambo mazito. Ukifungua, kifuniko kinalala na kuwa meza yenye mteremko, iliyovishwa kitambaa cha kijani kilicholika katikati. Juu kuna shimo la chupa ya wino na kijia cha kalamu. Humo nimeweka hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazazi wangu, na barua. Mbao hutoa mvuke wa asidi unaofanya karatasi kuwa manjano, kwa hiyo kila fungu nimelifunga kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga. Picha siziweki pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Mvuke wake haufai kwa picha wala kwa mtu anayefungua asubuhi na kuvuta hewa. Badala yake natumia majani makavu ya mwarobaini kwenye kifuko, na karafuu na mdalasini unaoletwa kutoka Muheza. Sifa zake za kuua wadudu si kubwa, kwa hiyo kazi halisi inafanywa na kule kufungua kila wiki na kutazama. Mende hapendi kusumbuliwa.

Nguo zinahitaji kufukizwa. Udi unawashwa kwenye chetezo, kanga zinatandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, moshi unapita, kisha zinakunjwa zikiwa zimepoa kabisa. Nguo yenye joto ikiingia kashani inatoa unyevu, na unyevu unaleta ukungu. Bibi alikuwa akiiweka kanga shavuni kabla ya kuikunja, kuhakikisha imepoa. Nami nafanya hivyo hivyo, na binti yangu nimemwona akifanya bila kuambiwa.

Pembe za ndovu ni habari nyingine. Vikasha vya India vya karne ya kumi na tisa mara nyingi vina vipande vidogo vya pembe vilivyopangwa na mpingo na bati kwa nakshi za nyota. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini mwaka 1989 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimweka tembo wa Afrika kwenye orodha ya wanyama wasioruhusiwa katika biashara ya kimataifa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopendekeza hivyo. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa, na uzee wa kikasha haukulindi wewe mwenyewe. Nimeletewa viwili, nikawaelekeza wenyewe waende kwanza kwa watu wa wanyamapori, sikununua. Na kukitoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mgeni mmoja aliyekuwa akitembelea makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani aliletwa kwangu, akalitaka kasha la njumu, akataja pesa ambazo zingeezeka nyumba upya. Nilimkaribisha chai, nikamwonyesha mpaka zile droo za siri, akapiga picha. Kasha likabaki.

Lina kazi, ndiyo maana. Huku kwetu bwana harusi hupeleka sanduku kwa bibi harusi: doti za kanga, vitenge, viatu, manukato, udi, mafuta, dhahabu kwa aliyejaaliwa. Siku hizi linapelekwa begi la magurudumu, na mimi sina ugomvi na begi. Lakini miaka kadhaa nyuma shangazi wa kijana mmoja wa mtaani alikuja kuniuliza kama ningewaazima kasha la bibi. Lilibebwa na vijana wanne, likafunikwa kanga, wanawake nyuma na vigelegele, matarumbeta mbele. Walipofika, kungwi akapokea ufunguo, akafungua mbele ya mashangazi, kitu kimoja kimoja kikainuliwa kionekane na kila mtu. Harufu iliyotoka humo ndani ilinyamazisha chumba kizima. Wazee wakaanza kutaja majina ya watu waliokufa. Mama mmoja wa makamo alisema, "Hili kasha lilikuja na dada yangu," na ikathibitika kweli, bibi aliwahi kuliazima zamani zile. Mimi mwenyewe sikuwa nikijua.

Tangu hapo linaazimwa mara kwa mara, na kila linapotoka linarudi na afya zaidi, kwa sababu limetolewa nje, limepigwa upepo, limefunguliwa na kufungwa na mikono mingi. Masharti yangu ni machache. Lisiburutwe, libebwe kutoka chini na si kwa vishikio. Lisipigiliwe msumari wala kubandikwa maua ya karatasi kwa gundi. Manukato yafungwe vizuri, yasimwagike kwenye mbao. Lisikae juani wakati wa kusubiri gari, maana msaji nao hupasuka. Likirudi, lirudi na ufunguo, na aliyeliazima aje mwenyewe anisimulie harusi ilikwendaje. Sitozi chochote. Ila Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zinabanana, na tayari kuna familia mbili zimeniomba Jumamosi ile ile, kwa hiyo mwenye shughuli aje mapema, tena aje kabla ya Ramadhani.